Mke Mwenza wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekabidhiwa! Gari la marehemu baba mkwe liko uani kwangu tangu asubuhi. Rangi ya maziwa, bampa za kung'aa, usukani mpana kama sinia. Marehemu alikuwa akiliosha kabla hajamwamkia mtu yeyote ndani ya nyumba. Ndiyo maana mpaka leo mama mkwe analiita "mke mwenzangu".

Maagizo yake: likae ndani ya geti, lifunikwe turubai, lisitoke mpaka Jumamosi nitakapompeleka kwenye harusi ya kitinda mimba wake. Baada ya harusi ataamua funguo zibaki kwa mkwe yupi. Wakwe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu aliyemwoa dada wa mke wangu. Namwita Bwana Makini. Mtu anayepiga pasi soksi!

Funguo zitakuwa zangu. Mwezi mzima sasa nampigia mama mkwe simu kila asubuhi kumjulia hali. Na kadi za biashara nimeshachapisha: Magari ya Kifahari kwa Maharusi. Lililopo ni moja, tena bado si langu, lakini mtu lazima aanzie mahali.

Siwezi kutulia. Natoka uani, nainua turubai, nachungulia, narudi ndani, natoka tena. Mke wangu kaniuliza kama nasubiri litage.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa!

Bwana Makini hunyolewa kila Jumanne mchana. Nilitaka alione tu. Limeegeshwa mbele ya kinyozi, mimi nimeliegemea, kadi mfukoni. Kuna ubaya gani hapo? Mke wangu alikuwa kazini, nikalitoa. Nikaliegesha vizuri kabisa, kando ya barabara, breki ya mkono juu. Nikaingia kwa kinyozi kumsubiri mheshimiwa.

Ndipo lori la magodoro likaanza kurudi nyuma. Kulikuwa na jamaa nyuma anaelekeza kwa mkono, njoo, njoo, bado, njoo. Mkono mwingine ulikuwa na simu, na akili yote ilikuwa kwenye simu. Kishindo! Mlango wa nyuma wa kushoto umebonyea ndani, kitasa chini.

Dereva akashuka ameshika kichwa. Akasema kosa ni lake, gari langu lilikuwa limesimama tu, tajiri wake ana bima na atatengeneza kila kitu. Anachotaka ni namba ya simu. Watu wakaanza kujaa. Kinyozi akatoka na mashine yake, mteja naye kanyolewa nusu kichwa. Na kule mwisho wa mtaa, nani anakuja? Bwana Makini!

Nikamwambia dereva si kitu, ni alama ya zamani. Akaniuliza na kitasa kilichoanguka je. Nikamwambia huwa kinaanguka. Hakukubali! Akanishika mkono, akasema yeye hawezi kulala akijua ameharibu mali ya mtu. Mtu mwaminifu ni usumbufu jamani. Nikamtajia namba haraka haraka, ya kwanza iliyonijia mdomoni, nikarukia usukani nikatoweka.

Kwa hiyo hali ni hii: kugonga sikugonga. Lakini mama mkwe akijua, atauliza gari lilifuata nini barabarani. Na hapo funguo kwaheri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemleta fundi wa kunyoosha bodi, mke wangu alipotoka tu. Fundi akazunguka gari, akafumba macho, akaupapasa mlango kama daktari wa tumbo. Akasema bati la zamani ni gumu, anahitaji wiki mbili. Nikamwambia Ijumaa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Akasema basi angalau apake rangi, jicho la mtu lisishtuke. Nikamwambia rangi ya maziwa. Akaleta kopo, akaapa kwamba ni ya maziwa. Maziwa ya mnyama gani? Mlango umekuwa wa manjano! Jana ulikuwa umebonyea tu. Leo umebonyea na unaonekana kutoka ng'ambo ya mtaa.

Jioni mke wangu kauliza mbona uani kunanuka rangi. Nikasema nilikuwa napaka kiti. Akauliza kiti kipi. Ikabidi nikapake kiti.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya, safi kabisa. Gari likitoka kwangu zima na kurudi kutoka kwa Bwana Makini limebonyea, nani mwenye kosa? Nikampigia. Nikasema mwanyumba, sisi ni ndugu, njoo uliendeshe kidogo, nawe ufaidi. Njoo jioni, kigiza kikiingia kuna upepo mzuri.

Akakataa! Akasema mama alishaagiza lisitoke nje ya geti. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole, kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia mama, maana yuko tayari kunisindikiza. Upole wa nini? Mnafiki mkubwa. Nikamwambia sina jambo, ahsante.

Asubuhi mama mkwe naye aliniuliza mke mwenzake anaendeleaje. Nikasema anang'aa. Akauliza kama hana hata mafua. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Nimekaa kwenye kile kiti bila kufikiri. Suruali nayo imekuwa ya manjano.

Ijumaa, 8 Agosti

Maua! Nimewezaje kusahau kwamba ni harusi?

Nimekwenda kwa mpambaji, nikamwambia aweke maua mengi upande wa kushoto, mengi kadiri mlango utakavyobeba. Akasema gari la harusi hupambwa pande zote, tena sawasawa. Nikamwambia ni mtindo mpya, upande mmoja tu. Akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya kutokea, lakini akapamba. Mlango hauonekani. Gari lenyewe halionekani vizuri.

Tatizo limebaki moja. Mlango umekwama, haufunguki, na mama mkwe hupanda kwa mlango huohuo. Miaka yote marehemu alikuwa akiushika mwenyewe, akimfungulia. Dawa yake: nitaliegesha kushoto kabisa, ligusane na ukuta wa nyumba yake, apandie kulia.

Mke wangu kalitazama kichaka, akauliza kama gari linakwenda harusini au linakwenda kujificha vitani. Nusura nimwambie. Nikachukua ndoo, nikayanyunyizia maua maji.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimevaa suti bado. Sina nguvu ya kuivua.

Nilifika mapema, nikaligandisha gari ukutani. Ukoo mzima ulikuwa nje. Mama mkwe akatoka amependeza, akapita kulia bila kutazama, akazunguka, akasimama kule kwenye ukuta. Akasubiri. Nikasema mama, leo kulia ndiko kuzuri. Akasema hajawahi kupandia kulia tangu aolewe. Ikabidi nilisogeze.

Akaanza kutoa maua. Taratibu, moja moja, akiwapa watoto. Mlango wa manjano ukatoka hadharani. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitasa!

Dereva wa lori alipiga simu siku ileile ya Jumanne. Alipiga namba niliyomtajia. Ilikuwa namba ya mama mkwe! Mwezi mzima naibonyeza kila asubuhi, ulimi nao ulishaizoea. Jioni ile akampelekea kitasa na maneno ya tajiri wake: mlango watautengeneza, na wanaomba radhi.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo, yapo, nilikuwa nayapanga. Akaniwekea kitasa mkononi.

"Mlango ni bati tu, baba," akasema. "Kila asubuhi ulipopiga simu nilijiambia, leo atasema. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akaenda kupanda gari la Bwana Makini. Mimi nikafuata nyuma na la marehemu, viti vyote vitupu, watu njiani wakinipungia mikono kwa furaha. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Alinisubiri siku zote hizo, na mimi nilikuwa nikimwambia anang'aa.

Baada ya harusi akatoa funguo. Bwana Makini akaiweka tai yake sawa. Mama mkwe akampita, akanipita na mimi, akampa mke wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu ameliendesha gari mwenyewe kutoka kwa mama yake mpaka nyumbani. Nimekaa nyuma. Kwenye kuingiza uani akakwaruza nguzo ya geti. Upande wa kulia, mkwaruzo mrefu kama mkono wangu!

Nikafikiri haraka. Turubai, rangi, maua yaliyobaki. Yeye alishashika simu. Nikampungia mikono, nikamwonyesha ishara ya kufunga mdomo. Akanipa mgongo, akamwambia mama yake: mama, nimelikwaruza gari la baba, nilikata kona vibaya. Hivyo hivyo! Nikasikia upande wa pili kicheko, mama mkwe akisema marehemu naye alishawahi kuliingiza kwenye banda la kuku akamwambia kabla hata injini haijapoa. Wakahamia kwenye habari za bibi harusi. Funguo bado ni zake.

Nimekaa nimelitafakari sana jambo hili, na sasa nimeelewa. Mke wangu ana bahati, lakini kupanga hajui. Bahati ina mwisho wake. Mtu lazima amlinde mkewe.

Kwa hiyo alipojilaza mchana nimeifuta rangi ya gari iliyobaki kwenye nguzo, kisha nimempigia mama mkwe. Nimemweleza kwamba mke wangu alichanganyikiwa kwa uchovu wa harusi, hakugusa nguzo yoyote. Ni mbuzi wa jirani, ana pembe ndefu, nimemwona kwa macho yangu. Mama mkwe akauliza kama mbuzi huyo naye ameacha namba ya simu.

Nadhani ameamini.