Nilivyomlilia Mzungu Aliye Hai

Leo nimejivua nguo mbele ya watu. (Suti nilikuwa nayo. Mnanielewa.) Wacha niseme mwenyewe kabla Mama Kamau hajaisambaza.

Asubuhi nilimsikia Njeri, kitinda mimba wangu, akilia chumbani. Msichana ni nesi, halii ovyo. Alipoenda kazini nikaingia. (Ndiyo, niliingia. Nyumba ni yangu, niliipata kwa kuosha sakafu za watu.)

Kitandani, karatasi ngumu iliyokunjwa yenye picha kubwa ya mzungu, nyeusi na nyeupe, jina lake chini. Ndani, kijitabu: mzungu akiwa mtoto, mzungu na wenzake watatu, mzungu peke yake akiangalia bahari. Na mashairi. Mimi niliishia darasa la nne, mashairi ya Kiingereza yananipita. Lakini programu ya mazishi naijua! Hapa ughaibuni, Carrollton, nimezikunja mfukoni ngapi?

Nikakaa pale kitandani. Mwezi uliopita nilimwambia Njeri, "Usiniletee mzungu hapa." Kumbe mzungu alikuwepo, na sasa ameaga.

Nikaandika kwenye grupu: "Tumefiwa. Njooni."

Mnajijua. Saa kumi na moja jioni sebule imejaa chai, chapati, manesi na sare zao za kazi. Picha iko mezani, na maua. Pasta akaomba. Mama Kamau akalia kunishinda. Nikasimama.

"Kijana huyu sikumpa nafasi. Ni kiburi changu. Angekuja, ningemchinjia mbuzi kwa mkono wangu." Sauti ikakatika. (Ni mafua.)

Mlango ukafunguka. Njeri.

"Daddy, nani amekufa?"

"Pole, mama. Mkwe wangu."

Akaangalia picha. Akaangalia maua.

"Daddy! Huyo ni mwimbaji wa roki wa Uingereza! Hiyo ni kava ya albamu yake. Aliacha bendi, akaimba peke yake. Yuko hai!"

Pasta akakohoa. Mama Kamau akafuta macho: "Ai, Baba Njeri! Kwa hivyo nimelia bure?"

"Sasa wewe ulikuwa unalilia nini?" nikamfokea Njeri.

Akakaa kando yangu. "Aliyenipa hiyo albamu. Anaitwa Daniel, yuko Houston. Ni mzungu. Nilimwacha kwa sababu yako." Halafu, polepole: "Daddy, ile ya mbuzi ulimaanisha?"

Sebule nzima ikanigeukia. Chapati zikasimama njiani.

Mimi sili maneno yangu.

"Mwite," nikasema.

Akaniegemea begani, kitu ambacho hajafanya tangu alipokuwa mdogo, akalia tena. Mafua yangu yakazidi.

Anakuja Jumamosi. Mbuzi nimeshaagiza. Chekeni sasa mmalize, maana atakayemwambia kijana wa watu kwamba tulishamwombea apumzike kwa amani, namtoa kwenye grupu mimi mwenyewe.