Memori Kadi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Laptopu ya mke wangu imegoma. Ni ile ndogo, nyepesi kama sahani. Ukiiwasha inaleta alama moja katikati ya skrini, alama inazunguka, basi. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Na Jumamosi mke wangu anasimama mbele ya kamati ya hospitali kuomba cheo cha msimamizi wa wodi. Zamu zote zile za usiku, miguu yote ile iliyovimba, inategemea asubuhi moja. Ripoti yake ipo salama kwenye flashi. Ila hana pa kuifungulia. Nilimwambia aje stoo kwetu atumie kompyuta ya kazini. Akanikumbusha kwamba kompyuta ya stoo imefungwa mnyororo ukutani, pamoja na kipanya chake.

Ndipo shemeji, mdomo umejaa wali, akasema kumbukumbu ya ndani imechoka tu. Tuweke Linux kwenye memori kadi, mashine iwake kutoka kwenye kadi, ya ndani tuiache ipumzike.

Mke wangu akamtazama mdogo wake kama mtu anayetazama mvua baada ya ukame.

Mimi sijatazamwa hivyo tangu harusi.

Nikasema hapohapo kwamba nilikuwa nalo wazo hilo tangu asubuhi, na kazi hiyo ni yangu. Uongo mtupu. Linux, kumbe ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, mimi nilidhani ni dawa ya kikohozi. Lakini neno limeshatoka, na mke wangu akasema haya, fanya.

Huyu shemeji! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Akatengeneza bomba. Akatengeneza bawaba ya mlango. Akatengeneza pasi niliyokuwa nimeshaitangaza kuwa imekufa. Angekuwa mvivu ningempenda.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua memori kadi kwa Fundi Simu, kibanda cha pembeni ya duka la dawa. Nyeusi, ndogo kama ukucha. Nikapakua Linux stoo, wakati wa chakula cha mchana, kwa kutumia intaneti ya mwajiri. Nikaichoma kwenye kadi, ndivyo mafundi wanavyoita kuiandika humo, kwa kufuata maelekezo mstari kwa mstari. Mimi ni mtu wa mpangilio. Misumari ya stoo nzima naijua kwa urefu.

Nyumbani nikakusanya familia. Nikachomeka kadi. Nikawasha.

Giza.

Nikazima, nikawasha. Giza lilelile, ila sasa likiwa na watazamaji. Shemeji akaniuliza kwa upole kama nilichukua ile Linux ya ARM. Nikamjibu bila shaka, angechukua nyingine nani? Kisha nikaenda chooni na simu kutafuta ARM ni nini.

Kumbe moyo wa laptopu hii ni wa ukoo wa simu, si wa ukoo wa kompyuta kubwa. Linux ya ukoo mmoja haisomeki kwa mwingine. Nilirudi kwa Fundi Simu. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mzee, umemvalisha kuku kiatu cha punda!" Akaongeza kwamba shemeji yangu, yeye angeuliza kwanza.

Hata huku ameshafika!

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepakua ya ARM. Faili sahihi, la laptopu ya aina ileile. Maelekezo sikuyahitaji tena, nikalihamishia kwenye kadi kama ninavyohamisha nyimbo. Likakaa vizuri. Nikaridhika.

Jioni kazi ikaanza. Laptopu hizi zina wivu (naielewa hali hiyo), hazikubali mfumo wa nje mpaka uzilazimishe. Unashika vitufe vitatu kwa pamoja, unasubiri kama robo saa inajipangusa, kisha kila ukiiwasha inaleta skrini nyeupe. Hapo unabonyeza Ctrl na U, nayo inasoma kadi.

Nilisubiri. Skrini nyeupe ikaja. Imeandikwa kwa adabu kabisa kwamba usalama umezimwa, na kwamba ukitaka kuurudisha bonyeza kile kitufe kirefu cha chini.

Nani asiyetaka usalama? Nikabonyeza.

Ikarudi kama ilivyokuwa mwanzo. Kila nilichofungua ikakifunga. Nikaanza upya, nikasubiri tena, skrini nyeupe ikaja tena, na kidole gumba changu, ambacho kimezoea kukaa pale chini, kikabonyeza tena. Binti yetu, ambaye bado hajajua kufunga kamba za viatu, akasema mjomba angebonyeza vile viwili vya pembeni.

Nikamwambia akalale. Akasema jua halijazama.

Mara ya tatu nilikaa na kidole gumba mfukoni. Nikabonyeza Ctrl na U. Mashine ikalia "piip" na kunyamaza. Piip! Kama gari linalomfukuza mbuzi.

Nikafunga kadi kwenye kopo la vifungo, nikaenda kwenye kikao cha wazazi shuleni. Huko nikachaguliwa kuwa katibu. Nyumbani hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Niandike polepole.

Asubuhi nikiwa natafuta soksi, nikaona kitu juu ya kabati. Memori kadi! Nyeusi, ndogo, sawasawa na yangu. Ya shemeji. Kumbe naye amenunua yake, ameiandaa kimyakimya, anasubiri nishindwe ainuke kama mwokozi. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwangu kinaoga kwa sabuni yangu kabisa.

Hapo akili ikanijia. Nikachukua kadi yake nikaitia kwenye kopo la vifungo. Yangu, ile ya piip, nikaiweka juu ya kabati, palepale, hata vumbi sikuligusa. Mpango: jioni nitawasha kwa kadi yake, niitwe fundi. Akitaka kujaribu yake, itampigia piip mbele ya dada yake.

Siku nzima stoo nilikuwa naimba. Bosi aliuliza kama nimepokea habari za urithi.

Jioni wote sebuleni. Mke wangu ametoka zamu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Amebakiza siku moja na mashine hakuna, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Nikamwambia asitie shaka. Nikachomeka kadi kutoka kwenye kopo. Skrini nyeupe. Ctrl na U.

Piip.

Tena. Piip. Mke wangu akafumba macho. Binti akasema tumwite mjomba, ilhali mjomba amekaa pembeni yake.

Shemeji akainuka taratibu. Akasema yeye ana kadi juu ya kabati, ila ni mbovu, ilimkufia katikati ya kazi na alikuwa anataka kuirudisha kwa Fundi Simu. Tujaribu tu, hatupotezi kitu. Moyoni nikacheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe! Akachomeka. Akabonyeza.

Maandishi meupe yakamwagika skrini nzima kama mchele. Yakapita, yakapita. Kisha picha ya mlima, saa pembeni, na mshale unaotembea.

Mke wangu alitoka kwenye beseni bila taulo. Alimkumbatia mdogo wake maji yakimchuruzika. Ripoti ikafunguka, na vile vimichoro vyake vyote vya wagonjwa.

Baadaye uani, shemeji akaninong'oneza kwamba haelewi kabisa. Yake ilikuwa imekufa kweli. Akasema tena, kwa aibu, nisikasirike: jana nilipokuwa shuleni alichungulia kadi yangu, akaona nimeliweka faili kama mzigo ambao haujafunguliwa. Akakimbia nayo kwa Fundi Simu, akaichoma upya vizuri, akairudisha kwenye kopo. Hakumwambia dada. Alitaka mimi ndiye niwashe.

Kwa hiyo kadi iliyowaka ni yangu! Yangu! Niliyoinunua mimi! Nami ndiye niliyempelekea juu ya kabati kwa mkono wangu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia kompyuta zina mambo yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Mke wangu akaweka spika. Mama mkwe akamsifu mwanawe kwa muda ambao ningeweza kuhesabu misumari ya inchi mbili kamili. Kisha akauliza, "Na mkwe wangu hajambo?" Nikasema sijambo mama. Akasema haya, tumshukuru Mungu. Hivyo tu. Sijambo! Hiyo ndiyo sifa yangu ukoo mzima.

Binti amechora laptopu na mjomba. Mimi nimo pia, kwa mbali. Nilidhani ni nguzo ya umeme.

Mke wangu amefanya mazoezi akiosha vyombo. Shemeji anapangusa sahani na kumuuliza maswali ya kamati kwa sauti nzito ya daktari mkuu. Wanacheka. Nami nilikuwa na maswali yangu mazuri. Hakuna aliyeniomba.

Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Nimepata. Ni mpango mfupi na safi. Hauna kopo wala kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mke wangu alipoinama kufunga viatu, nikachomoa kadi kwenye laptopu. Nikaitia mfuko wa shati. Hesabu yangu: atafika, atawasha, haitawaka. Atapiga simu. Nani atafika mbio na kadi mkononi mbele ya madaktari wote? Mimi. Kamati itauliza huyu ni nani. Atajibu, kwa machozi, mume wangu.

Nikasimama ng'ambo ya barabara ya hospitali, chini ya kibao cha duka la miwani, nasubiri simu.

Simu haikulia. Nikaiangalia. Ipo. Ina chaji. Haikulia.

Ndipo wazo likanijia: na kama hapigi kwa sababu anatetemeka mle ndani, skrini nyeusi, wote wanamtazama? Mke wangu. Na ile miguu yake. Nikavuka barabara bila kutazama magari. Mlinzi akanizuia, akasema mzee, saa ya kuona wagonjwa bado. Nikaitoa mfukoni, nikamwambia mimi nina kadi. Akasema wote wana kadi, kaa kwenye foleni.

Nilipita alipogeuka kufungulia gari la maiti. Nikakimbia korido mbili na ngazi. Mlango wa kamati ukafunguliwa, wakatoka wanacheka, daktari mkuu anampa mke wangu mkono. Amepata cheo!

Kumbe mashine haikuwaka kweli. Akaifunga, akaisukuma pembeni, akasema ripoti yote kwa kichwa. Daktari mkuu amesema tangu waanze asubuhi ndiye pekee aliyewaangalia usoni, wengine wote walisoma skrini wakawapa usingizi.

Akaniona. Akaniuliza nafanya nini pale. Nikasema nilikuwa napita. Jasho linanitiririka. Akatazama kiganja changu. Akaichukua kadi kwa vidole viwili, kama anavyochukua kipimajoto kwa mgonjwa anayejisingizia homa. Akaniambia tu nikanywe maji.

Nyumbani amemshukuru nani? Shemeji! Kwamba mazoezi ya jana ya vyombo ndiyo yaliyomwokoa. Jamani! Bila mimi kuchomoa kadi angesoma skrini kama wengine! Cheo hiki nimekipigania mimi, na hakuna hata mtu mmoja duniani ninayeweza kumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu. Nimeona wazi kosa liko wapi. Nimekuwa mpole mno.

Leo mke wangu ametueleza kwamba wodi yake ina kabati zima la laptopu kama ileile, zote zimegoma, na kama msimamizi ameruhusiwa kutafuta mtu wa kuziwekea Linux. Ataanza kesho Jumatatu kupokea maombi. Akamtazama mdogo wake. Mtazamo uleule wa mvua.

Shemeji akaenda kulala mchana. Hana haraka. Watu wa namna hiyo ndivyo wanavyoshindwa.

Mimi nimekaa mezani mara moja. Barua ya maombi, ukurasa mzima, mwandiko wa mpangilio. Nimejieleza kuwa mtaalamu wa mashine za ARM, mwenye uzoefu wa kuwasha mfumo kwa kadi yangu mwenyewe, jambo ambalo ni kweli tupu. Nimemwandikia "Mheshimiwa Msimamizi". Alikuwa jikoni, nikampelekea. Akasema niiweke kwenye meza ya ofisi kesho, kama waombaji wote.

Pakabaki sehemu moja tu: mdhamini anayezifahamu kazi zangu na anayeweza kuthibitisha tabia yangu njema. Nimefikiri sana. Fundi Simu atacheka. Bosi ataulizia intaneti ya mwezi huu.

Nimemwandika shemeji. Atanisifia tu, hajui kusema baya. Huo ndio udhaifu wake, na kwa huo nitammaliza.