Usiku wa Makumbusho Katika Saloni ya Félicité

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku ya kumi na tisa bila Félicité. Nimekula bugali wa jana na chumvi. Bugali umeungua. Chumvi imeloa.

Nieleze hali, kwa faida ya vizazi vijavyo. Mke wangu yuko Mahagi-Port kwa dada yake Annette. Aliondoka kwa sababu ya frigo. Ni jokofu la petroli, la mwaka 1974, refu kuliko mimi. Niliiokoa mikononi mwa watu waliotaka kuikatakata watengeneze masufuria. Ili ipate nafasi katika saloni, yaani sebuleni, nilitoa nje viti vinne vya kitambaa alivyoletewa Félicité siku ya harusi yetu. Niliviweka nyuma ya jiko, kwa muda. Mvua ikanyesha. Félicité alivitazama vile viti vikinywa maji, akafunga begi, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba atarudi siku atakapoweza kukaa katika saloni yake. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa!

Mtu mwingine angerudisha viti ndani. Mimi nilikuwa karani wa posta miaka ishirini na sita. Sikurupuki.

Jana redio ilisema kwamba huko Ulaya kuna usiku mmoja wa mwezi Mei ambapo majumba ya makumbusho hayafungwi. Watu wanazunguka na familia zao, jumba hadi jumba, mpaka usiku wa manane. Wanapanga foleni! Ili kutazama vitu vya zamani! Niliruka kitandani. Jumamosi tarehe 17, Bunia nayo itakuwa na usiku wake, hapa hapa kwenye avenyu yetu. Nitampigia Félicité picha za foleni mlangoni pake. Ataelewa kwamba hakuolewa na mkusanya takataka. Aliolewa na mkurugenzi wa makumbusho. Atarudi kwa gari la kwanza.

Jumatano, 7 Mei

Usiku wa namna hiyo unahitaji zaidi ya jumba moja. Nimelazimika kumwendea Evariste.

Evariste ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mkuu wa shule, na bado anaongea na watu wazima kama wamechelewa darasani. Ana jenereta. Ana pia ndoo kubwa ya chuma, ya mashine ya zamani ya kuchimbia dhahabu, ambamo bata wake wanaoga. Nikamwambia ndoo ile ni urithi. Akasema ndiyo, urithi wa bata. Nikambembeleza nusu saa nzima. Mwishowe akakubali, kwa masharti: nyumba yake iwe ya kwanza kutembelewa, na yeye aitwe Mkurugenzi Mkuu. Mimi je? Naibu!

Nina vitu arobaini na viwili. Yeye ana ndoo moja yenye mavi ya bata. Nami ndiye naibu. Nimekubali kwa ajili ya jenereta tu. Usingizi haukuja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kwa Papa Léon, chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu. Alinisikiliza amefumba macho. Akauliza kwa nini watu wenye akili watembee usiku kwenda kutazama frigo isiyowaka. Nikamweleza habari za Ulaya. Akasema Ulaya wakeshe wanavyotaka, lakini katika avenyu yake, ikifika saa tatu kila mtu awe kwake, kwa usalama.

Nikamwomba hata saa sita. Akafumbua macho.

“Ku avenyu yangu watu wanakeshaka pa nje kwa matanga tu,” alisema. “Matanga njo haiombake ruhusa.”

Usiku wa makumbusho unaofungwa saa tatu! Huo si usiku, ni jioni iliyochelewa kidogo. Nimerudi nyumbani nikasimama mbele ya frigo muda mrefu. Haikunisaidia.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kazi. Nimeandika vibao vyote kwa mwandiko wangu wa posta. Makumbusho yanayojiheshimu huweka miaka miwili kwa kila kitu, wa kuanza na wa kuisha. Frigo: 1974–1985. Mizani ya kahawa: 1961–1997. Redio ya mbao: 1970–2003, maana tangu hapo inakoroma tu.

Halafu likanijia wazo zuri kuliko yote. Picha ya Félicité! Ile kubwa, ya ubatizo wa Bénédicte binti yetu, amevaa kitenge cha kijani. Itasimama juu ya meza pale nje, kwenye kitambaa cheupe, katikati ya taa mbili, maua yakiizunguka. Akijiona amepewa heshima hiyo, moyo utalainika. Chini nimeandika kibao: FÉLICITÉ, MAMA WA NYUMBA HII, 1968–2025. Mwaka aliozaliwa na mwaka wa maonyesho. Utaratibu ni utaratibu. Pembeni nimeweka daftari jeusi na kalamu, wageni waandike maoni yao.

Bénédicte amepiga simu kutoka Boga, ambako ni muuguzi. Ameuliza kwa nini nisirudishe tu viti ndani ya saloni. Nikamwambia hiyo ni njia ya mkato. Simu ikakatika. Nadhani ni rezo, mtandao.

Jumatano, 14 Mei

Evariste amejitoa. Ameona kwenye tangazo langu kwamba herufi za “Mkurugenzi Mkuu” ni ndogo kuliko za “Naibu”. Alizipima kwa rula! Mtu mzima, mwenye wajukuu! Ameondoka na jenereta yake. Jumamosi usiku ataonyesha mpira katika uwanja wake, kwa televisheni, karibuni wote. Bata wamerudishiwa ndoo yao.

Kwa hiyo ni usiku wa majumba ya makumbusho, na jumba ni moja. Watu watazunguka kutoka wapi kwenda wapi? Félicité hajajibu ujumbe wangu wa kumi na moja, ingawa ulikuwa na picha ya mizani. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekata tamaa, lakini naendelea. Nimekodi bashi, turubai kubwa la bluu la kukinga mvua, na viti hamsini vya plastiki. Bashi limefungwa mbele ya nyumba. Viti vyote vinaitazama picha ya Félicité. Nimeweka na kuni, maana usiku kuna baridi.

Jambo la ajabu likatokea. Mama anayeuza mandazi alikuwa anapita. Akatazama bashi, viti, picha, taa. Akatua beseni lake chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole sana, baba. Nimeguswa! Ndiye mtu wa kwanza kuona jinsi nilivyojichosha. Baada yake wakaja wengine saba, kila mmoja pole, pole. Hata Papa Léon alipita, akavua kofia, akasema mambo ya saa tatu niyasahau, tukeshe hadi asubuhi. Hadi asubuhi! Mtu yule yule! Kumbe watu wetu wanapenda utamaduni, walikosa tu mtu wa kuwaonyesha.

Evariste peke yake hapiti upande wangu.

Jumamosi, 17 Mei, saa tano usiku

Naandikia jikoni, nimejifungia.

Saa kumi na mbili na nusu hapakuwa na mtu. Saa moja aliingia mbuzi. Kwa Evariste walikuwa wanashangilia mpira. Nilitaka kuzima taa nikalale nisiamke.

Saa moja na nusu nikasikia wimbo. Maman Tina, kiongozi wa wamama wa parokia, alikuwa anakuja na wanawake zaidi ya thelathini, vitambaa vimefungwa kiunoni. Walibeba makala, yaani makaa ya jiko, sukari, majani ya chai, unga. Nikafikiri: Ulaya wanakata tiketi, sisi tunaleta makala, hakuna ubaya. Wakaketi. Nikawakaribisha, nikaanza maelezo. Nikasema kuhusu frigo kwamba ilitumika miaka kumi na moja bila kumsumbua mtu, mpaka asubuhi moja wenye nayo waliamka wakaikuta imezimika. Maman Tina akalia. Nikaendelea na mizani. Wakalia wote. Katika maisha yangu sijapata watu wanaosikiliza hivyo.

Nikaenda kusoma maoni kwenye daftari. La kwanza: “Pumzika kwa amani, mama.” La pili: “Umetuachia pengo.” La tatu: “Uvumilivu wako tulikuwa tunauona.”

Nikainua macho. Picha. Kitambaa cheupe. Taa mbili. Maua. Bashi. Miaka miwili, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikasimama juu ya kiti nikapaza sauti kwamba Félicité hajafa, yuko Mahagi-Port kwa dada yake. Vilio vikazidi. Maman Tina akanishusha kwenye kiti, akanikumbatia, akawageukia wenzake.

“Mumuachie kwanza. Ni vile inaanzaka,” alisema. “Hata miye, bwana yangu alipokufaka, siku tatu nilikuwa namuita akuye kula.”

Nikasema basi nampigia simu sasa hivi, mbele yenu. Simu yake haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mara sita. Kila mara kuna mama anatikisa kichwa.

Jumapili, 18 Mei, saa kumi alfajiri

Sijui nianzie wapi.

Evariste alizima mechi ya mwisho ya usiku kabla haijaisha, akaja na jenereta mgongoni na watazamaji wake wote nyuma, analia na makamasi. Alisema Félicité ndiye pekee katika avenyu aliyewasalimia bata wake. Tukashikana. Halafu mvua ikaja, ya upande, bashi likashindwa. Wamama walipaswa kuingia ndani, na ndani hapakuwa na pa kuweka hata mguu. Wanaume wakauliza nini kitolewe.

Hapo nilikuwa nimepiga simu mara kumi na tisa. Watu zaidi ya mia walikuwa wanalia. Mimi ni nani niseme wote wamekosea? Nikawaza barabara ya Mahagi. Nikawaza ziwa la kule Mahagi-Port. Nikawaza kwamba labda wao walipata habari, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa, kama kawaida katika mambo ya nyumba yangu. Nikaanza kulia mwenyewe. Mke wangu amekufa, na ujumbe wangu wa mwisho kwake ni picha ya mizani.

Nikaishika frigo upande mmoja, Evariste upande wa pili, tukaitupa nje mvuani. Mizani nje. Redio nje. Nikaingiza vile viti vinne, nikavifuta kwa shati langu, nikavipanga alivyokuwa anavipanga, kile chenye mto karibu na dirisha. Hakuna mama aliyethubutu kukikalia. Nisamehe, Félicité. Nisamehe. Ningetoa vitu vyote arobaini na viwili ili unigombeze mara moja tu.

Jumapili, 18 Mei, jioni

Félicité amefika. Mzima.

Saa nne asubuhi alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, kutoka Iga Barrière, ambako gari lao lililala. Habari ya kifo chake ilifika Mahagi-Port Ijumaa, kabla ya chakula cha jioni. Watu waliingia kwa Annette wakilia, wakamkuta marehemu anachambua maharagwe. Tangu hapo kila ndugu alimpigia simu kumwuliza kama kweli ni yeye, mpaka betri ikaisha, na umeme hakuna. Jumamosi asubuhi akapanda gari.

Kelele zilizopigwa hapa sitaweza kuziandika. Maman Tina, na miaka yake sitini na mbili, aliruka benchi. Evariste alijificha nyuma ya frigo. Félicité alipita katikati yao polepole. Akasoma kibao chake. Akasoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, amesimama. Akaingia katika saloni.

Akaviona viti vinne. Akagusa kimoja, bado kina maji. Akaketi kwenye kile chenye mto, begi mapajani, akatazama ukuta uliokuwa nyuma ya frigo.

“Josaphat,” alisema, “kumbe ilifaa mi nikufe njo viti virudie mu nyumba?”

Nililia tena, mbele ya parokia nzima. Akaomba chai. Maman Tina alimpelekea, pamoja na sukari ya matanga ya Félicité mwenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

Siku nne za amani. Félicité anapika. Félicité anakaa karibu na dirisha. Anaongea nami kidogo, asubuhi hasa. Niseme wazi: nina furaha, na nimebadilika.

Hata hivyo nimepiga hesabu kutoka kwenye daftari. Wageni mia na kumi na wawili! Usiku mmoja, hadi asubuhi, kwa ruhusa ya chefu! Sidhani hata Ulaya wanalia mbele ya mizani. Shida ilikuwa ndogo tu, ya kuchagua picha. Evariste anayo moja nzuri sana, amevaa tai. Leo nimemwomba aniazime. Nimemwuliza pia kama hana ndugu wa kusalimia kule Boga, wiki moja hivi, bila simu.

Frigo ilikuwa inapata kutu huko nje. Jana, Félicité alipokuwa misani, niliiingiza kwenye korido. Korido si saloni. Leo haikutosha koridoni, mlango ukagoma kufungwa, nikaisogeza kidogo ndani ya saloni. Ilibidi kiti kimoja kitoke. Kimoja tu, na si kile chenye mto.

Félicité amerudi kutoka sokoni, ameuliza kiti cha nne kiko wapi. Nimesema kinapigwa upepo. Hakugombana hata kidogo. Sasa namsikia chumbani, anatoa nguo zake zote, anazikunja moja moja. Anapanga kabati. Dalili nzuri.