Kuhusu Mjukuu Wangu Anayesikiliza Viazi

Kwa Mwalimu Mkuu Ylva,
Chekechea ya Kotten,
Norrtjärn.

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa kwa kazi mnayoifanya hapo sina shaka kwamba u mzima kupita kiasi. Mimi ni Hilding Sjödin, fundi bomba mstaafu, babu yake Tuva wa kundi la watoto wa miaka mitano, yule mwenye pengo na kofia ya njano. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira kidogo, kulalamikia afya ambayo shule yako imeiingiza nyumbani kwangu bila hodi.

Sipingi watoto kufundishwa. Ila mtoto akifundishwa shuleni, mafunzo yabaki shuleni, yatundikwe kwenye ndoano pamoja na koti lake la akiba. Ya kwenu hayabaki. Yanakuja kwangu kila Jumamosi, yanavua viatu mlangoni na kuketi mezani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kusikiliza chakula. Mmewafundisha watoto kwamba kabla ya kula, chakula kitazamwe, kinuswe, kiguswe na kisikilizwe. Jumamosi moja nilimpikia Tuva viazi na madonge ya nyama kwa mchuzi wa krimu, kama alivyokuwa akipika marehemu mke wangu, Gunvor. Mtoto akachukua kiazi akakiweka sikioni. Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Akaniinulia kidole: "Babu, ngoja kwanza. Namsikiliza." Nikangoja. Mchuzi ukaganda. Hatimaye akakirudisha sahanini, akanitazama kama daktari mwenye habari mbaya. "Amenyamaza, Babu. Umemchemsha mno."

Mwalimu, nimechemsha viazi maisha yangu yote na hakuna kiazi kilichowahi kunishtaki. Kibaya zaidi, sasa hata nikiwa peke yangu najikuta nimeweka mkate mkavu sikioni. Ule mkate una maneno mengi. Sina tena raha ya kula.

2. Suruali ya mvua. Zamani mvua ikinyesha, watu wenye akili walikaa ndani na kuilaumu kupitia dirishani. Tuva anasema Kotten huwa mnatoka tu. Basi akaja na suruali ya mvua ya baba yake, ambaye ni mrefu kama mlingoti, akanivisha. Tukaenda msituni, na huko nikaamriwa kuruka kutoka mzizi hadi mzizi, kwa sababu ardhi yote ilikuwa maji yenye mamba. Nilimweleza kwamba nchi hii haina mamba. Akasema, "Ndiyo maana hujawaona, Babu, huruki."

Nikaruka. Wakati huohuo jirani yangu Rune akapita na gari, akapunguza mwendo, akashusha kioo akauliza kama aite ambulensi. Nilimjibu kwamba nakwepa mamba. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari.

3. Presha. Hili linaniuma kuliko la mvua. Kila Alhamisi mimi, Rune na Folke tunakutana kwenye kona ya kahawa pale dukani, tunakula maandazi ya mdalasini na kulinganisha magonjwa. Si baraza la mchezo. Folke ana sukari, Rune ana magoti, mimi nilikuwa na presha, na naweza kusema bila kujisifu kwamba presha yangu ilikuwa ikiheshimiwa. Sasa, kutokana na mizizi ile na karoti ambazo mtoto hunitilia mkononi, muuguzi amenipima, akanipima tena, akanipunguzia vidonge. Akanipongeza mbele za watu.

Alhamisi iliyofuata niliwaambia wenzangu. Folke akavuta kikombe chake upande wa pili. Rune akasema kwa upole, "Hilding, ndugu yangu, wewe sasa umeshatuacha." Kwenye kiti changu wamemweka Bertil, mwenye jongo, mtu asiyejua hata kusimulia ugonjwa wake vizuri.

4. Neno "nimetosheka". Hapa naomba usome polepole.

Sisi sote hapa tumelelewa hivyo: pipi ni za Jumamosi. Siku nyingine hakuna, Jumamosi zipo. Tangu Gunvor afariki, kila Ijumaa nimekuwa nikienda dukani, na kwa kile kijiko chao kikubwa cha kuchotea pipi najaza mfuko: samaki wa mpira wekundu, pipi nyeusi za chumvi, vile vipipi vichachu vyenye umbo la fuvu ambavyo mimi mwenyewe siviwezi. Na kila Jumamosi Tuva amekuja. Tulikuwa tukikaa sakafuni, tunazipanga kwa rangi, tunazimaliza, tunaumwa matumbo pamoja, na mama yake, binti yangu Terese, anatugombeza sote wawili kwa sauti moja. Hakuna siku nyingine katika wiki ninayogombezwa na mtu.

Sasa mtoto anachukua samaki mmoja mwekundu. Anamtazama. Anamnusa. Anamsikiliza. Anamla taratibu mpaka mimi nasinzia. Kisha anafunga mfuko, anasema, "Nimetosheka, Babu." Ni nani aliyemfundisha mtoto wa miaka mitano neno hilo? Mimi nilifunga mabomba ya nusu ya mji huu na sijawahi kulitumia.

5. Matokeo. Jumamosi iliyopita hakuja. Terese alipiga simu: "Baba, samahani, Tuva ameanza kuogelea, na darasa liko Jumamosi. Si unajua wanahimizwa kusogeza mwili." Nilisema najua. Nilisema ni vizuri sana. Kisha nikakaa na ule mfuko.

Mwalimu, mimi si msomi lakini najua maji yanavyopita. Pipi huleta Jumamosi, Jumamosi humleta mtoto. Ukifunga bomba juu, huku chini hapatoki kitu. Naogopa. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nimeliandika tena. Naogopa kwamba mtoto aliyetosheka hana sababu ya kuja kwa mzee ambaye viazi vyake vimenyamaza.

Nilikula mfuko mzima peke yangu. Niliugua vibaya. Presha ilipanda, na juzi dukani Folke mwenyewe alinisogezea kiti. Ninalitaja hili ili uone shule yako imenifikisha wapi.

Kwa hiyo naiomba Chekechea ya Kotten, kabla ya majira ya joto, imfundue Tuva, yaani imwondolee yote iliyomfundisha. Kila siku apewe nusu saa ya kulala kwenye kochi bila sababu. Viazi vitangazwe rasmi kuwa ni bubu. Neno "nimetosheka" lipigwe marufuku kwa yeyote ambaye hajaota meno ya ukubwani. Darasa la kuogelea lihamishiwe siku isiyo na maana, kwa mfano Jumatatu. Na mamba waondolewe msituni, kwa kuwa sasa na mimi nawaona.

Nisipojibiwa, nitaandika kwa halmashauri. Wao wasipojibu, nitaandika wizarani, na nitaambatanisha kiazi.

Nisalimie walimu wote, hasa yule kijana anayewatoa watoto wakati wa theluji huku akitabasamu. Mpishi, ambaye nasikia viazi vyake huimba. Na watoto wote, watosheke wasitosheke.

Ni mimi, niliyeponywa bila kuombwa ruhusa,

Hilding Sjödin

N.B. Nilikuwa natafuta stempu mlango ukagongwa. Alikuwa Tuva, amelowa, amevaa suruali ya mvua, na fungu la figili alizopanda mwenyewe hapo shuleni. Nyuma yake Terese anahema. Inaonekana wamekuja kwa miguu kutoka kwao, na njia nzima ina mamba. Nilimwambia mtoto kwamba leo ni Jumatano na pipi sina hata moja. Akanishangaa. "Kwani Babu, Jumatano huwa hupo?"

Nikamwambia nipo. Jumanne pia nipo.

Figili tumezisikiliza wote watatu. Ni kali na zinapiga kelele, na nimekula mpaka nimetosheka. Malalamiko yote hapo juu yafute, ila lile la viazi liache, kwa sababu Tuva amekubali kunifundisha kuvichemsha. Barua hii ataileta yeye kesho asubuhi. Tafadhali umpe jibu la jambo moja tu: suruali za mvua za saizi yangu zinauzwa wapi?