Faili Arobaini na Kichakataji Changu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanipa faili arobaini za kuandika kwa Java, lugha ya kompyuta, za programu ya wagonjwa wa zahanati. Ijumaa daktari anakuja kuiona. Miwani, jirani yangu wa meza, ameshaanza zake kwa mkono, tik-tik-tik kama cherehani. Maskini! Mimi nimegundua siri. Unabandika alama ya @ kwenye msimbo wako, yaani maandishi ya programu. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, ikianza kazi inakiita kichakataji, kijiprogramu unachokitunga mwenyewe, nacho kinasoma alama na kukuandikia faili mpya. Chenyewe! Nimemwambia bosi naandika kwa mkono, vidole vinaniuma. Kanipa pole.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Nimetaka kichakataji kinirekebishie faili ya zamani. Kimegoma. Miwani kasema hakigusi iliyopo, kazi yake ni kuzaa mpya. Nikajibu najua. Sikujua.

Jumatano, 5 Machi
Faili arobaini, kufumba na kufumbua! Bosi akataka mzio wa kila mgonjwa, yaani dawa inayomdhuru, uonekane juu kabisa. Kubadilisha kichakataji? Uvivu ulinishika. Nikafungua faili iliyozaliwa, nikachomeka mistari miwili kwa mkono. Nimesifiwa mbele ya Miwani! Nimewahi nyumbani mno, dada kauliza kama nimefukuzwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimehujumiwa! Mistari yangu haipo! Nikasimama katikati ya ofisi nikamnyooshea Miwani kidole. Akajibu taratibu kwamba faili iliyozaliwa na kichakataji huandikwa upya kila kompaila inapopita. Ukitengeneza mtoto ukamwacha mama, unatwanga maji kwenye kinu. Watu walicheka hadi machozi. Nimeirudisha mistari yangu. Dawa ni kutokompaili tena.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kakompaili! Mbele ya mgeni! Nilipiga ukelele, nikachelewa. Daktari akafungua jina la mama mmoja anayemfahamu. Mstari wa mzio haukuwepo. Akasema, kwa sauti ndogo iliyonitia baridi, kwamba mama huyu ana mzio wa penisilini, angechomwa sindano yake angekufa. Bosi akaniangalia vidole.
Aliyenitetea ni Miwani! Kasema kichakataji bado kina faida, hasa cha kukagua: sehemu ya mzio ikikosa alama, kompaila inakataa, na kosa linakamatwa ofisini kabla ya kumfikia mgonjwa. Ila faili thelathini kati ya zangu, akaongeza, siku hizi Java yenyewe inazimaliza kwa rekodi, njia yake fupi ya kuandika data, mstari mmoja kila moja. Mstari mmoja! Bosi kaamuru niandike mkaguzi wa namna hiyo.

Jumatatu, 10 Machi
Mkaguzi yuko tayari. Kanikamata makosa kumi na tisa, sehemu za mzio zisizo na alama! Mimi, mzazi wake! Na bosi anakuja saa nne. Nikabuni alama mpya, @Nyamaza. Mkaguzi akiiona, anapita kimya. Nimeibandika mara kumi na tisa. Kosa hata moja halikuonekana. Bosi kanipa mkono, kaomba nimfundishe Miwani.