Ng'ombe Watatu wa Diana

Baraza la kahawa la Kigera lilikutana Jumatano asubuhi, akidi ikiwa imetimia: mabenchi mawili, birika moja, na Mama Skola mwenye birika, ambaye bila ruhusa yake hakuna hoja inayopita. Mgogoro uliletwa na redio. Ilitangaza kwamba bonanza la mpira la vyuo la Jumamosi hapa Musoma litakuwa la kulinda mazingira, na kazi hiyo amekabidhiwa mwanafunzi aliye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

"Mpira wa mazingira ndio mpira gani huo?" aliuliza Niko, tunayemwita VAR kwa sababu huangalia upya kila jambo hata lililokwisha. "Refa atapuliza jani?"

"Chupa za plastiki marufuku," alisema Mama Skola. "Maji watanywa kwenye vikombe vya bati. Hata mashine ya nyasi wameikataa, inakulaga petroli."

"Nyasi watakata kwa meno?"

Hapo Mayala, Mkurugenzi wa Mifugo wa kijiwe chetu, akashusha kikombe taratibu. Yakitajwa meno na nyasi pamoja, yeye hujiona ameitwa jina.

Kabla hajasema kitu, akatokea Diana, mtoto wa kaka yake. Ndiye mwanafunzi wa kwenye redio.

"Shikamooni. Baba mdogo, nimekwama. Mashine nimeizuia mwenyewe kwenye mpango wangu, na nyasi zimefika magotini. Msimamizi anakuja Jumamosi kunipa maksi. Akikuta pori, narudia fildi mwakani. Naomba ng'ombe watatu, kesho na keshokutwa."

"Watatu," Mayala alirudia, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Wanatosha. Kiwanja chenyewe kidogo."

"Umepata, mwanangu. Nenda kapumzike."

Diana alipoondoka, VAR akamkazia macho. "Mkurugenzi, hiyo sura yako siipendi."

"Nipeleke ng'ombe watatu mbele ya vyuo vyote? Watu wa chuo cha Bunda wakiona si watasema nimefilisika?"

"Mtoto kasema watatu."

"Mtoto kasoma mazingira. Heshima hajafundishwa."

Basi ng'ombe walienda wote. Wa Mayala, na wa shemeji zake kutoka Buswahili, wakiongozwa na dume liitwalo Waziri, ambalo lilijilaza mbele ya goli na kukataa kupokea ujumbe wowote.

Jumamosi asubuhi Diana alirudi kijiweni, sauti imepungua.

"Baba mdogo, nyasi zimeisha. Sasa kumejaa mavi. Kipa wa Bunda kasema hapo hajitupi."

"Hayo mavi hayatoi moshi," VAR akamfariji. "Yamo kwenye mpango."

"Msimamizi anafika saa nane, kaka Niko. Nitamwambia nini?"

Mama Skola akagonga birika, dalili ya kwamba Spika anazungumza. "Ile miti mliyopanda kuzunguka uwanja, si inalilia mbolea? Shabiki asiingie bure. Kila mmoja azoe ndoo ya samadi, amwage kwenye mti, ndipo akae."

Diana akakimbilia uwanjani bila kuaga.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja akicheka tangu mbali.

"Nimefaulu. Mashabiki wa Bunda hawakukubali kushindwa na wa Musoma hata kwa ndoo. Walizoa mpaka chini ya tumbo la Waziri. Msimamizi kasema hajawahi kuona mashabiki wakiacha uwanja safi kuliko walivyoukuta."

"Na mpira?" aliuliza VAR.

"Bunda wameshinda moja bila. Shuti lilimgonga Waziri, likaingia. Refa kakubali."

"Ofsaidi hiyo. Yule ng'ombe alilala mbele ya kipa tangu Ijumaa."

"Niko, kunywa kahawa," Mama Skola alifunga hoja.

Diana akamgeukia Mayala. "Baba mdogo, chuo cha Bunda nacho kinanitaka wiki ijayo. Naomba ng'ombe wawili. Wawili tu."

Mayala aliitikia kwa kichwa, mnyenyekevu kama mzee wa kanisa, akainuka na kuzunguka nyuma ya ukuta na simu yake. Sisi wajumbe tukanyamaza ili tusikie vizuri, kama maadili ya baraza yanavyotaka.

"Shemeji, wamesema wawili," sauti yake ilitufikia. "Ndiyo. Fungueni zizi lote."