Sisimizi Wangu na Uenyekiti wa Usafi

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Gungu, hapa Kigoma, imejaa. Watu wanavuka ziwa kila siku kutoka Uvira, Zaire, wakikimbia vita. Sisi tumempokea Mzee Leonardi, mwalimu mstaafu, analala sebuleni. Mtaa mzima unaogopa kipindupindu, kwa hiyo Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa kamati ya usafi. Atapewa baiskeli! Ile baiskeli ni yangu. Mpinzani ni mmoja tu, Eufrasia muuza maandazi. Yeye ana mdomo. Mimi nina sisimizi.

Jumanne, 5 Novemba
Nawafuga kwenye chupa kubwa ya peremende. Chakula, vichwa vya dagaa. Maji, kizibo cha soda. Leo nimewatazama asubuhi nzima. Ajabu! Mabaki ya dagaa, hata maiti za wenzao, wanaburuta mpaka kwenye maji na kutupa humo. Kwao kunang'aa. Mzee Leonardi akasema wanafukia maji ili wasizame. Shikamoo nampa, lakini huyu alifundisha hesabu.

Jumatano, 6 Novemba
Nimepata sera kutoka kwa sisimizi. Jalala liwe kando ya bomba! Kila mtu huenda bombani na ndoo tupu. Sasa aende na taka, arudi na maji, ndoo ileile. Eufrasia anataka jalala kule bondeni. Nani atafika? Nimemcheka mbele za watu. Mke wangu Melania aliniomba ninyamaze.

Alhamisi, 7 Novemba
Maneno hayatoshi. Alfajiri nimeazima toroli nikahamisha taka za mtaa hadi bombani. Safari saba! Nikasimama kungoja pongezi, chupa ya sisimizi mkononi. Wa kwanza kufika na ndoo alikuwa Melania. Alisema maneno ya Kiha ambayo siwezi kuyaandika. Wa pili, Eufrasia. Alitabasamu tu. Nimeumia sana. Hakuna hata mmoja aliyeitazama chupa.

Ijumaa, 8 Novemba
Uchaguzi. Niliweka chupa mezani nikaanza kueleza. Mtendaji wa kata, msimamizi wa uchaguzi, akauliza mbona sisimizi hawatembei. Kweli. Walikuwa wamefukia kizibo chote, wamekufa kwa kiu. Eufrasia kura hamsini na mbili. Mimi moja, na Melania ameapa si yake. Mtendaji akaniamuru niondoe taka bombani kabla ya jua kuzama.

Jumamosi, 9 Novemba
Mgongo hauna hali. Eufrasia amepita na baiskeli akapiga kengele mara mbili, na barabara ilikuwa tupu. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona: sisimizi walikuwa wadogo mno, watu wa nyuma hawakuona kitu. Na kamati bado haina katibu! Mchana nimekwenda shambani nikarudi na siafu, nusu debe. Wakubwa, wenye bidii. Nimewaweka chini ya kitanda chetu, upande wa Melania, kuna kivuli kizuri. Mfuniko nimeuacha wazi kidogo wapate hewa.